Siku Arobaini za Udi Kwapani

Mama mkwe wangu ni mtu wa pwani, mie ni mtu wa Singida. Binti yetu alipozaliwa ndipo nikajua kwamba watu wa pwani wana sheria za harufu ambazo sisi wa bara hatukuletewa nakala.

Nilikuwa, na bado ni, fundi seremala pale Keko. Fundi wa Keko hanukii, na sioni sababu ya kulificha hilo. Ananuka vumbi la mninga, gundi, vanishi na jasho la tangu asubuhi. Mama mkwe, aliyekuja kumlea mzazi kwa siku arobaini, alinisimamisha mlangoni jioni ya kwanza kabisa.

“Shikamoo mama,” nikasema, mikono tayari imenyooka kumpokea mwanangu.

“Marahaba, baba. Ishia hapo hapo.”

Nikapelekwa bafuni moja kwa moja. Nilipotoka nikapewa msuli safi, nikaamriwa kusimama juu ya chetezo chake cha udi na kuinua mikono, moshi uingie makwapani. Nyumba yetu ni ya kupanga, chetezo kilikuwa uani, na wapangaji wenzetu walitoka na vigoda vyao kutazama. Hiyo ikawa ndiyo ratiba ya kila jioni. Nisipofukizwa, mtoto sipewi.

Lakini nikipewa, alikuwa analala papo hapo. Alikuwa ananisogezea kipua kifuani, anavuta pumzi mbili tatu, kwisha. Nikavimba kichwa. Kazini niliwachosha wenzangu kwa majigambo kwamba mtoto kwangu halii, damu nzito kuliko maji, na wao ambao watoto wao wanawalilia wajiulize wamekosea wapi.

Arobaini ikafika, mtoto akanyolewa, pilau ikaliwa, mama mkwe akafungasha chetezo chake akarudi kwake Mbagala. Nikamshukuru Mungu kimyakimya. Kesho yake nikaoga kama mtu wa Singida anavyooga, yaani haraka, nikamchukua mwanangu. Akaninusa. Akakunja uso. Kisha akapiga yowe mpaka fundi cherehani wa barazani akasimamisha mashine yake.

Nikasema ni tumbo. Siku iliyofuata, yowe lile lile. Mama yake akimshika, ananyamaza. Hata mpangaji wa chumba cha pili, anayeshinda akianika dagaa, alimshika, na mtoto akaguna tu. Kwangu ni yowe, wiki nzima. Roho iliniuma, sitasema uongo. Nilikuwa napiga randa huku nawaza kwamba kitu cha kilo nne kimenikana mchana kweupe. Wenzangu nao hawakuniacha. “Asiyekujua hakuthamini,” wakasema, wakagonga mikono.

Ndipo nikaanza ujinga. Siku ya kliniki nilijitanda kanga ya mke wangu aliyokuwa amelala nayo, kichwani hadi mabegani, nikakaa kwenye benchi la akina mama na mtoto kifuani. Akatulia tuli. Mke wangu alihama benchi.

“Mama, lete mtoto kwenye mzani,” nesi akaita bila kutazama. Akainua macho, akakuta ndevu.

Alicheka hadi akakaa chini, na akina mama wakamsaidia kucheka. Alipopata pumzi nikamweleza yote, toka chetezo hadi yowe. Akafuta machozi, akanifundisha jambo ambalo sijalisahau.

“Baba, huyu macho yake bado hayaoni mbali. Pua ndiyo ilitangulia, ilianza kazi tangu tumboni. Ubongo wake hata akilala unarusha cheche wenyewe, na hizo cheche ndizo zinazosaidia kuunganisha njia za harufu na mahali anapowekea kumbukumbu. Anaowanusa sasa ndio anaojifunza kuwajua.”

“Basi kwenye kumbukumbu zake mimi nimo?”

Nesi akaniangalia kwa huruma. “Sasa baba, ulikuwa unanukia udi wa nani?”

Nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Siku zote zile nilizojisifu, mwanangu alikuwa analala kifuani kwa bibi yake. Mie nilikuwa bibi mwenye ndevu tu.

Njiani mke wangu akasema, “Si tununue udi tu, mume wangu? Yaishe.” Lilikuwa wazo zuri, na lingetupa usingizi. Nikalikataa kwa hasira. Nikamwambia kama ni kulia alie, lakini amlilie baba yake, siyo bibi aliyevaa suruali.

Nesi alikuwa ameonya kwamba vanishi isimkaribie mtoto. Kwa hiyo nguo za kazi nikawa naziacha nje, naoga kwa maji na sabuni isiyo na manukato, halafu namshika akiwa ameshiba, kila siku saa ile ile. Siku ya kwanza alilia mpaka akakaukiwa na sauti. Ya tano alilia huku amenikamata kidole. Siku ya tisa alinikojolea, na nikalichukulia hilo kuwa ni maendeleo.

Jioni moja ya wiki ya tatu nilitoka kuoga nikasikia analia chumbani. Mke wangu alikuwa amesimama akimbembeleza, mgongo kwa ukuta wa dirishani, na mtoto uso wake kautumbukiza shingoni kwa mama. Nikanyata, kwa sababu nilishazoea kuingia kwangu kama mwizi. Sikusema neno. Nilipowafikia, kilio kikakatika katikati. Kipua kikacheza. Kichwa kile, ambacho bado hakijajua kujishikilia, kikajikongoja kugeuka, kikanielekea mie, na mtoto akashusha pumzi ndefu.

Nikaanza kulia palepale, kwa sauti, na msuli wangu kiunoni.

Mke wangu akamtazama mtoto, akanitazama mie, akasema, “Huyu ndiyo kwanza kanyamaza. Na wewe sasa nani akubembeleze?”