Mama Soli hataki pole, anataka neno ‘ulevi’ lifutwe

Saa moja asubuhi, Mama Soli anafungua kibanda chake kwa ufunguo anaouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kabla hajakaa, anafunua daftari la shule na kusoma kwa sauti: “Jiko nimezima. Dawa nimemeza. Kiatu cha mwalimu ni cha leo.” Kisha anapaka uzi nta na kuanza kushona soli.

Mlangoni amebandika kibao: HAPA TUNASHONA. GUNDI KAULIZE KWINGINE.

Mteja mwenye haraka anamwomba abandike tu.

“Mwanangu, mimi na gundi tumeshaachana, na talaka niliandika mwenyewe,” anamjibu bila kuinua macho. Mteja anacheka, anavuta kigoda na kusubiri.

Kwa miaka ishirini na miwili mama huyu alibandika soli katika kiwanda cha viatu. Madirisha ya chumba chao yalipigiliwa misumari, vumbi lisije likanasa kwenye gundi. Kiatu kilikingwa, mtu akaachwa ajijue mwenyewe. Badala ya barakoa, kila mfanyakazi alipewa pakiti ya maziwa kwa siku, eti yanaosha sumu.

“Mvuke wa gundi unaingia puani, wao wanamimina maziwa tumboni,” anasema. “Nyumba yako inaungua, wanamwaga maji kwa jirani!”

Mwanzoni ilikuwa kizunguzungu na kuumwa kichwa, akipumzika Jumapili vinaisha. Miaka ikaenda, Jumapili ikawa haitoshi. Mwanamke mcheshi akawa mkali, na akiingia chumbani hakumbuki amefuata nini.

“Nilidhani mama ametuchoka,” anasema binti yake mkubwa, fundi cherehani. “Nikamnunia mwezi mzima. Linaniuma mpaka leo.”

Siku moja Mama Soli alibandika soli za kushoto kwenye viatu vya kulia, jozi arobaini mfululizo, bila kushtuka. Msimamizi alimwona akiyumba, akanusa nguo zake, akaandika sababu ya kumwachisha kazi: ulevi.

“Mimi! Hata bia sijui kama ni chungu au tamu,” anasema. “Wifi yangu akaacha kuniachia watoto wake.”

Daktari wa afya ya wafanyakazi alimchunguza kwa miezi mitatu. Alimtajia maneno matano ayarudie baada ya dakika kumi, alikumbuka mawili. Sababu nyingine zilipoondolewa moja moja, daktari aliandika kwamba ubongo umeathiriwa na mvuke wa kemikali za kuyeyushia gundi.

“Kilichopotea aghalabu hakirudi chote,” anaeleza daktari huyo. “Lakini mtu akiondoka kwenye mvuke mapema, mara nyingi tatizo haliendelei.”

Mama Soli hakukaa kulia. Alikwenda na cheti chake hadi kwenye geti la kiwanda, akawangoja wenzake wakati wa kutoka. “Mficha maradhi kifo humuumbua,” aliwaambia. Kumi na mmoja wamekwisha kupimwa, na misumari ya madirisha mawili imeng’olewa.

Sasa shauri lake liko mbele ya baraza la magonjwa ya kazini.

“Fidia wakinipa sitaikataa, sijafikia utakatifu huo,” anasema. “Lakini kwanza wafute lile neno. Nina mjukuu anajifunza kusoma.”

Katika kikao cha kwanza, mwakilishi wa kiwanda aliuliza baraza litamwaminije shahidi anayesahau. Mama Soli alipekua daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa, asione alipoandika jibu. Akalifunga.

“Miaka yote hiyo mlinipekua getini kila jioni, nisije nikaondoka na kiatu chenu,” alimwambia. “Hamkuuliza hata siku moja ninaacha nini humo ndani.”

Kikao cha uamuzi ni Alhamisi, saa tatu. Ameiandika kwenye kurasa tatu tofauti, isimpite. Binti yake amejitolea kusimama amsemee, kwa hofu mama asije akakwama mbele za watu.

Mama Soli anakata uzi kwa meno na kukipeleka kiatu cha mwalimu kwenye mwanga, kukagua mshono.

“Nitasema mwenyewe,” anajibu. “Nikikumbuka, nitawaeleza. Nikisahau, watajionea.”