Nyuma ya Shuka la Sinema

Gari la sinema lilipokuja Mwamkulu, miaka ile ya tisini, watu wote walikaa mbele ya shuka jeupe lililofungwa kwenye magoli ya uwanja wa shule. Sisi tulikaa nyuma yake, kwa sababu ya mdogo wangu wa kike.

Mdogo wangu hakuziweza kelele. Spika ikilia, aliziba masikio na kupiga mayowe mpaka sauti imkauke. Majirani walisema ana mashetani, wengine kwamba mama hajui kulea, maneno ambayo hata leo yakinijia natamani kumtukana mtu. Basi kila gari lilipokuja, mama alibaki naye nyumbani. Mama alikuwa hajawahi kuona sinema.

Safari hiyo baba alikataa kuwaacha nyumbani. Alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, na ndama mwoga hakumsukumiza katikati ya kundi mtoni. Alimzungusha akanywe upande wa pili, penye utulivu.

"Mayu naye tumzungushe," alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyomwita bintiye.

Kule nyuma spika zilitupa mgongo, na picha zilipenya kwenye shuka vizuri tu, ila kinyume. Ilikuwa sinema ya kufundisha watu kuchemsha maji. Kila mtu ndani yake alikula kwa mkono wa kushoto na kusalimia wakwe kwa mkono wa kushoto. Baba alisikitika sana. Aliniambia watu wa mjini wamekosa adabu.

Mdogo wangu akaondoa mikono masikioni. Akainuka, akalisogelea shuka, akaweka kiganja juu yake, na mwanga ukamwangukia usoni.

Mbele watu waliona shuka limevimba, wakaanza kunung'unika. Mwenye mashine ya sinema akazunguka kuja kwetu. Mama alikuwa ameshakusanya kanga zake. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto haziwezi kelele, asikasirike, tunaondoka.

Yule bwana alimtazama mtoto. Alirudi kwenye mashine, na sauti ikashuka.

Watu walilalamika kidogo, kisha ikabidi wanyamaze ili wasikie. Uwanja mzima ulitulia, hata wale wa mashetani. Bila kujua, walikuwa wanamnyamazia mdogo wangu. Sijaona tena kitu kikubwa kama kile. Mama akakaa chini, akatazama mpaka mwisho huku machozi yanamtoka, na kwenye shuka yalikuwa maji yanachemka tu.

Gari liliporudi msimu uliofuata, tulikuta wanawake wawili wenye watoto wachanga wameshatandika mkeka nyuma ya shuka. Kabla ya kuwasha mashine, yule bwana aliuliza kwenye spika, taratibu:

"Wa nyuma mmefika?"

Mama, ambaye hakuwahi kupaza sauti mbele za watu, akajibu, "Tumefika."