Mahindi ya Kusafishia Mashine

Mimi nasaga unga. Mwaka wa kumi na saba huu. Sikio la kushoto limeshakufa kwa kelele, na kope zangu zina weupe usiotoka hata nikisugua kwa sabuni ya kufulia. Mume wangu alipofariki aliniachia mashine, mkanda uliochakaa na mashemeji walioitolea macho mashine yenyewe. Nikajifunga kibwebwe. Aliyetaka kuichukua alikutana na mdomo wangu mlangoni, akageuza.

Sasa niwaambie kuhusu Inspekta. Jina hilo tulimpa sisi wa pale mashineni, maana yule mama ana maswali kuliko polisi. Ana binti mmoja wa miaka minne, na karanga kwa mtoto huyo ni sumu. Akionja kidogo tu, midomo inavimba, koo linabana, pumzi inakata. Na wateja wangu wengi wanaleta mahindi waliyochanganya na karanga za kukaanga, unga wa uji wa watoto wao. Kwa hiyo Inspekta akifika, kabla hata ya salamu: "Dada, aliyetangulia alisaga nini?"

Nikisema karanga, basi nimejichongea. Nizime mashine, nitoe chekeche, nipige brashi kila kona, nikung'ute ule mfuko wa kitambaa, halafu nisage kilo mbili za mahindi yake ya kusafishia. Unga huo niwamwagie kuku. Ndipo nisage wa mtoto. Nusu saa nzima! Foleni inanuna, na anayetukanwa ni mimi.

"Huyo mtoto kazaliwa na malkia gani?" alizoea kusema fundi cherehani wa duka la jirani, mwanamke asiyejua kunong'ona. "Wa kwangu sita, wanakula mpaka udongo!"

Tunacheka. Inspekta anasikia, anauma meno, haondoki. Nilimchukia, wallahi. Nilichukia hata alivyosimama, mikono kiunoni, akiikodolea macho brashi yangu.

Jumamosi moja foleni ilifika barabarani. Nilikuwa nimetoka kusaga debe zima lenye karanga, mgongo unauma, umeme umeshakatika mara mbili. Huyo, Inspekta na ndoo yake! Ndani ya mahindi ya mtoto niliona punje za kijani.

"Nimeongeza njegere kavu," akasema. "Nyama hataki, karanga haziwezi. Lazima apate nguvu."

Haya, nikasema, mtoto ni wako. Simu yake ikaita. Akatoka nje ili asikie, na aliyepiga alikuwa mama mkwe wake, kwa hiyo hakurudi upesi.

Nikayachukua yale mahindi ya kusafishia, nikawamwagia kuku mazima mazima. Brashi sikuigusa. Nikatia ya mtoto moja kwa moja.

"Umesafisha?" akauliza aliporudi.

"Kwani mimi mtoto mdogo?"

Akanishukuru, akaenda zake.

Jumatatu alinivamia. Kumbe Jumapili asubuhi binti alikunywa vijiko vitatu vya uji, uso ukavimba, na pumzi ikamwishia mikononi mwa baba yake wakiwa njiani kwenda hospitali. Alichomwa sindano mbili ndipo akafumbua macho.

"Muuaji wewe!" Inspekta alipiga kelele mbele ya foleni nzima. "Hukusafisha mashine!"

"Nimesafisha! Haki ya Mungu, nimesafisha!" Niliapa, na mkono nikainua.

Fundi akadakia: "Mtoto wako mgonjwa, usimtafutie dada wa watu kesi!" Foleni ikaanza kumzomea. Na mimi nikazomea. Tulimzomea mpaka akapotelea kwenye kona, na nilizomea kwa sauti kuliko wote kwa sababu niliogopa. Kwa wiki tatu, nikiona mama yeyote amebeba mtoto barabarani, nageuza njia.

Wiki ya nne akarudi, amemshika binti mkono.

"Dada yangu," akasema, "nilikutukana mbele ya watu, na radhi nakuomba mbele ya watu. Wamempima. Ni njegere. Daktari anasema njegere na karanga ni ukoo mmoja. Watoto wengi wasioweza karanga wanakula njegere bila shida, lakini wapo ambao mwili hauwezi kuzitofautisha. Wangu ni mmoja wao. Nilimlisha mwenyewe, kwa mkono wangu." Akaanza kulia.

"Si tulisema!" fundi akapiga makofi.

Ningenyamaza tu. Nani angejua? Lakini binti alikuwa amejisogeza, kanyoosha kidole kwenye mdomo wa mashine uliojaa vumbi la unga, na asubuhi ile nilikuwa nimesaga karanga tupu.

"Usiguse!" Nilipiga ukelele nikamvuta, mtoto akaanza kulia kwa hofu. "Sijasafisha!"

Mama yake akamnyakua, akamfuta mikono kwa pindo la gauni lake, kidole kimoja kimoja. Halafu akaniangalia usoni.

"Na siku ile?"

"Siku ile pia sikusafisha. Nilichoka na wewe. Mahindi yako nikawapa kuku."

"Kwa hiyo ni njegere zangu au ni karanga zako?"

"Sijui."

"Nami sitajua." Machozi yalikuwa yameshamkauka. "Tangu majibu yatoke namwangalia mtoto wangu amelala, najiita muuaji. Wewe ulijua ulichofanya, ukaapa. Halafu ukanizomea."

Akanitemea mate miguuni, akambeba mtoto, akaondoka. Safari hii foleni haikumzomea mtu. Hata fundi alikuwa anatazama viatu vyake.