Shati Lenye Kifungo cha Kibuyu

Miaka ile, mtu aliyetaka nguo ya kushindia na mfuko wake ni mwepesi alifuata mnada. Mnada wenyewe ulikuwa wa ng'ombe, lakini pembeni ya ng'ombe walitandika maturubai na kumwaga nguo juu yake. Siku moja ni Lalago, siku nyingine ni Kasoli, nyingine Bariadi mjini. Mimi niliifuata karibu yote. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa sababu ya karo wala fimbo, ila nilitaka kujua barabara inayopita mbele ya shule inaishia wapi, na pale darasani hapakuwa na aliyewahi kufika. Nikaswaga ng'ombe wa watu hadi mnadani, nikapakia marobota ya pamba, nikashusha mabelo ya mitumba. Kazi ikiisha natembea tu, nauliza maswali.

Ndivyo nilivyojua kununua nguo. Asubuhi, belo linapokatwa kamba, usisogee. Saa hiyo ni ya walimu na makarani wa pamba. Nguo nzuri zitaondoka nao na wewe utabaki na kiu. Subiri jua lilegee, mwenye biashara aanze kugeuka geuka kulitazama lori litakalomrudisha. Hapo ndipo bei inapolegea pia. Suruali usiijaribu, izungushe kiuno chake shingoni mwako, ncha zikikutana nyuma itakutosha. Iinue juani uangalie magoti na makalio. Sweta nene za nchi za baridi hakuna aliyezitaka kwa joto letu, lakini wanawake wenye akili walizichukua kwa bei ya bure, wakazifumua uzi wote, wakawafumia watoto kofia.

Kabla ya hapo nguo ilikuwa habari nyingine. Ukipeleka pamba, duka la ushirika likiwa limebahatika kupata kitambaa, mnapanga foleni na kupata kipande. Lisipobahatika, mnavaa mlichonacho hadi kiachane chenyewe. Niliwahi kumwona mtu mzima kajifunga gunia, wala hakuna aliyemcheka. Halafu milango ikafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi wa pamba, kila mmoja na mizani yake, na nyuma yao zikaja nguo. Tuliziita kafa Ulaya, kwa sababu nani mwenye akili timamu angetupa koti zima kama hajafa?

Wengi walilisema jina hilo kwa utani. Mama yangu hakutania. Kwetu, mtu akifa nguo zake hufuliwa, zikawekwa, na siku ya kumaliza matanga ndugu hukaa chini na kugawana. Huyu kanga, yule kaptura, hata kama imechakaa. Nguo ya marehemu hairushwi, haiachwi, na kuuzwa ndiyo kabisa haiuzwi. Kuiuza ni kama kusema mtu huyo hakuwa na watu.

"Hao Wazungu wanakufa bila ndugu?" aliniuliza mara moja, kwa huruma ya kweli.

Kwa hiyo yeye aliendelea na gauni lake moja na kanga zake mbili zilizopauka, wakati jirani zake wote wanapendeza kwa maua ya nchi za mbali.

Kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, alikuwa ameondoka kwenda ziwani upande wa Kalemela kutafuta kazi, baada ya pamba kuunguzwa na jua. Aliondoka amevaa shati ambalo mama alimshoneshea wakati wa shida kwa fundi wa barazani pale Bariadi. Kitambaa kilipatikana, vifungo havikupatikana. Fundi akaweka vinne vya kuokoteza, visivyofanana. Cha tano mama alikichonga mwenyewe kutoka kwenye kipande cha kibuyu kilichovunjika, akakitoboa kwa sindano aliyoichoma motoni, akakishona pale juu, shingoni. Kaka alikuwa akitaniwa kwamba siku akikosa chombo atanywea maji shatini.

Mwanzoni salamu zake zilikuja kwa wapita njia. Baadaye hazikuja. Kila niliporudi nyumbani mama hakuniuliza nimeleta nini. Aliniuliza nimekutana na nani. Hakuhitaji kingine duniani ila kujua kama mwanawe yu hai.

Siku hiyo tulikwenda wote Kasoli, yeye akitaka jembe na chumvi. Hakukuwa na njia nyingine ila kupita kwenye nguo, akapita ameangalia pembeni. Mwenye turubai moja, kijana mwenye maneno mengi, alimwona.

"Mama yangu, usinipite kama kituo cha polisi. Hiki kigauni kimekuja na ndege, mimi mwenyewe sijapanda."

"Mwenye nacho yuko wapi?" mama akauliza bila kusimama.

"Amenenepa, mama. Kule kuna siagi. Kiligoma kumwingia."

Watu wakacheka, na mama naye akatabasamu kidogo, akageuza uso kumjibu. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia ukingo wa turubai, kwenye kirundo kidogo cha nguo za hapa hapa, zilizochoka, ambazo wafanyabiashara walikuwa wakizinunua huku na huko na kuziuza tena kwa watu wa mashambani. Akachuchumaa. Akavuta shati. Hakulikunjua. Alishika ukosi tu, akapitisha kidole gumba juu ya kile kifungo, mara nyingi, kama mtu anayefuta vumbi.

"Hili umelitoa wapi, baba?"

"Mwaloni huko Kalemela, wanaposhusha samaki. Watu wananiuzia."

"Aliyekuuzia ni kijana? Mrefu, mweusi, akicheka anaziba mdomo?"

"Mama, mimi nanunua nguo, sinunui sura." Halafu akamwangalia vizuri, na utani ukamwishia. "Sikumbuki, mama. Kweli sikumbuki. Nanunua nyingi."

Mama alilinunua shati la mwanawe. Jembe tukaliacha.

Njiani nilitembea nyuma yake nikiogopa kumwona usoni, lakini alipogeuka nilikuta anang'aa. Sijamwona hivyo tena, wala kabla ya hapo sikumbuki.

"Yu hai," alisema. "Fikiri mwenyewe. Nguo ya marehemu nani angeiuza? Hakuna mtu anayeweza. Basi kaiuza mwenyewe. Ana shida, labda ana njaa, labda anaona aibu kurudi mikono mitupu. Lakini yu hai."

Jioni aliwaeleza jirani zake vivyo hivyo. Walimsikiliza, wakasema eeh, wakaangalia chini. Wao walikuwa wameshavaa nguo za watu wasiowajua. Walijua siku hizi kitu gani kinauzwa na kitu gani hakiuzwi.

Mama alilifua shati, akalianika, akaliweka. Kisha akaniita. "Wewe miguu yako haitulii. Safari hii iwe na kazi. Kamwambie mdogo wangu wa tumboni kwamba mikono mitupu nayo ni mikono. Arudi." Hivyo ndivyo alivyomwita kaka alipokuwa na mapenzi naye, mdogo wangu wa tumboni.

Nilipofika Kalemela niliuliza wapakia samaki, wavuta nyavu, wauza tiketi za bahati nasibu. Nilikuwa nimelivaa lile shati, maana niliona kifungo kitaniongelea. Na kweli, mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza uji na viazi karibu na mwalo alikiona kabla hata sijakaa. Aliweka kata chini.

"Mwadila," alinisalimu taratibu, kwa Kisukuma. "Wewe ni wa kwao?"

Nikamwambia mimi ni mdogo wake.

Akaniambia bila kuzunguka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Kaka aliugua homa. Wenzake walimlaza kwenye kibanda cha nyavu, wakamnunulia dawa, haikusaidia. Alipofariki wakachanga, lakini ulikuwa msimu mbaya, samaki hawakuwepo, mchango ukatosha jeneza la mbao za mtumbwi na hapo ukaishia. Hakukuwa na shuka la kumzikia.

"Tukakaa tunabishana," alisema. "Wengine wanasema azikwe na shati lake. Mimi nikasema mtoto wa mtu haendi chini bila shuka jeupe. Tulichokuwa nacho ni hilo shati, redio mbovu na viatu. Mnunuzi wa nguo alikuwa anapita. Tukauza. Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea. Shuka nikalinunua dukani."

"Hamkujua kwao?"

"Alikuwa anasema Bariadi. Bariadi ni kubwa, mdogo wangu. Tungemtuma nani, aseme nini, kwa nani?"

Alinipeleka kaburini, juu kidogo ya mashamba ya mihogo. Walikuwa wamepanga mawe vizuri. Akang'oa majani yaliyoota katikati huku akizungumza habari za kaka kama za mtu aliyetoka tu kwenda kuoga: kwamba alikuwa anadai uji wake uwe na ndimu, kwamba alikuwa mchoyo wa kicheko.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa uani akichambua pamba. Nilimsalimia, nikimwita mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Aliangalia nyuma yangu, njiani, kuona kama kuna anayefuata. Kisha akaangalia shati.

"Nani aliuza?"

Nikamweleza lote, kama nilivyoelezwa. Mikono yake iliendelea kuchambua pamba muda mrefu baada ya mimi kumaliza. Hatimaye aliuliza jambo moja tu.

"Shuka lilikuwa jipya?"

"Jipya, mayu. La dukani. Halikuwa la mtumba."

"Wabeja," alisema, akimshukuru mwanamke asiyekuwepo. Ndipo akaiachia pamba, akajishika kichwa.

Matanga tuliyakaa bila maiti, na kaburi likiwa mbali. Siku ya kumaliza, ndugu walipokaa chini kugawa, kilikuwepo kitu kimoja tu mkekani. Baba mdogo, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda mambo yaende kwa utaratibu, alikohoa.

"Shemeji, hili limenunuliwa mnadani. Limeshakuwa bidhaa. Bidhaa hairithiwi."

Mama alijibu kwa sauti ndogo iliyotulia. "Kifungo nilikichonga mimi. Alilivaa yeye. Shati hili ndilo lililomnunulia shuka. Nikalikuta, nikalirudisha. Nionyeshe, shemeji, ni wapi lilipoacha kuwa lake."

Baba mdogo alifikiri, akavua kofia yake. Shati likapewa mimi.

Nimelivaa kwenye barabara nyingi kuliko alizoziona kaka. Kitambaa chake kilipokwisha nilikitoa kifungo, nacho kipo.

Mwaka uliofuata, kwenye mnada wa Kasoli, jua likiwa limelegea, mama alisimama mwenyewe mbele ya turubai. Akachagua gauni la mikono mirefu, la rangi ya majani. Yule kijana wa maneno mengi alimtambua, akamhudumia kimya, wala hakutaja ndege. Tulipofika nyumbani mama hakulijaribu. Alikaa mlangoni nalo mapajani akalikagua kifungo kimoja kimoja, kutoka shingoni hadi kiunoni. Cha tatu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kwa mkono, si kwa cherehani. Akakishika.

"Pole, mayu," akakiambia kifungo. Kisha akaingia ndani kulivaa.