Mistari Sitini na Mmoja

Watu waliochangia ile programu walimwita Nukta, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Ungemletea kazi uliyoitolea jasho wiki nzima, angekurudishia kwa sababu nukta moja imekaa vibaya. Mchana alikuwa fundi wa printa, vidole vimejaa wino. Jioni aliirudia programu aliyoianzisha na dada yake, enzi zile wakipokezana kompyuta moja kwenye meza ya kulia. Ilikuwa ya chanzo huria, yaani yeyote aliruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Ilifungua hazina za msimbo, maandishi yanayoendesha programu, yakiwemo yake yenyewe, ili mtu azisome ukurasa kwa ukurasa, na pembeni mwa kila mstari ilionyesha jina la aliyeugusa mwisho. Hayo majina ya pembeni yalikuwa wazo la dada.

"Ili mtu akilipua kazi tumjue," alisema, akacheka.

Na yeye mwenyewe akalipua. Faili ya kufungulia kurasa aliiandika mbiombio, akaacha ujumbe juu yake: "Hapa nimelipua. Nitarekebisha kesho." Kesho yake asubuhi alianguka bafuni, hakuamka tena.

Miaka miwili ikapita. Wachangiaji waliandika upya faili nyingine zote, jina la dada likabaki kwenye hiyo moja tu, mistari sitini na mmoja. Kila Jumamosi mama yao, karani mstaafu wa masjala, alikuja na kuvaa miwani.

"Nifungulie mwanangu nimwone," alisema.

Msimbo hakuujua hata chembe. Aliyafuata majina kwa kidole kutoka juu hadi chini, kisha akaomba chai.

Ndiyo maana kila aliyeigusa faili hiyo alipigwa danadana. Leo nafasi imezidi, kesho nukta imepungua. Ulikuwa uongo mtupu, na Nukta alijua. Nani amlaumu? Mimi simo.

Akatokea mwalimu wa chuo cha mbali. Wanafunzi wake walisoma msimbo kwa simu kuukuu, na kurasa zilikuwa zinakwama kwa sababu ya faili hiyohiyo. Aliirekebisha vizuri kabisa. Nukta akamrudishia mara nne. Mara ya tano mwalimu akapiga simu.

"Kaka, samahani kwa usumbufu. Niambie tu ukweli, nakosea wapi?"

Nukta akatafuta kosa la kusingizia, akalikosa.

"Hujakosea, mwalimu. Mistari unayoifuta ni ya dada yangu. Alifariki."

"Pole sana, kaka. Sikujua. Basi niache?"

"Wanafunzi wako wanafanyaje sasa?"

"Simu inayofungua ni moja tu. Wanapokezana."

Nukta akaitazama meza ya kulia. Dada angemsuta bila huruma, angemuuliza tangu lini wao wakawafungia watu mlango. Roho ilimuuma, lakini akasema, "Usiache," akabonyeza kukubali kabla hajabadili mawazo. Mistari yote sitini na mmoja ikaondoka. Ujumbe wa dada nao ukaondoka, maana hapakuwa tena na cha kurekebisha kesho.

Jumamosi mama akaja, akavaa miwani. Nukta hakuwa na ujasiri wa kumwambia. Programu yao hutunza kila toleo la zamani, na tarehe yake juu ya ukurasa. Akamfungulia la wiki iliyopita. Mama akateremsha kidole, majina yote yapo. Kisha kidole kikapanda hadi kwenye tarehe. Mtu aliyekaa masjala miaka thelathini humdanganyi kwa tarehe.

"Hii si ya leo."

"Si ya leo, mama."

"Ya leo iko wapi?"

Akaifungua. Mama akatazama, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Akaanza upya kutoka juu, polepole, mstari kwa mstari, asije akawa ameruka mahali.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo, mama."

Siku hiyo hakuomba chai.