Siku Nilipomtoa Mtoto Shule ya Kanada Nikiwa Likasi

Watu waliohamisha watoto shule ni wengi, hata katika mtaa wetu wamo. Lakini aliyemtoa mtoto shule ya Kanada kwa simu, akiwa amekaa juu ya tairi la lori hapa Likasi, bado sijamsikia mwingine. Ni mimi. Na siku ile nilikuwa na furaha mpaka magoti yalicheza yenyewe.

Mimi ni mtu wa matairi. Shule niliiacha mwaka wa sita wa msingi, nikaanza kuziba mipira kwenye njia ya Kamatanda, na pampu ya mkono. Leo malori yanayotoka Kakanda yanapita maduka matatu ya wenzangu ndipo yanafika kwangu, na madereva hawasimami huko nyuma, hata kusalimia. Sikuinuliwa na mtu. Basi mtoto wangu wa kwanza, msichana, alipopata kibali cha mwanafunzi na kupanda ndege, nilitembea mjini wiki nzima bila shughuli yoyote, ili watu waniulize habari za nyumbani.

Shule yake ya kwanza kule ilikuwa ya kazi za ofisi. Alisoma miezi michache, kisha akaniambia moyo wake hauko pale, anataka kusomea umeme. Nilicheka hadi machozi. Mtoto aliyefanya kazi zake zote za shule kwa mshumaa, na bwawa la umeme la Mwadingusha liko hapo karibu, amevuka bahari kwenda kuuliza umeme unapotelea wapi. Nikamwambia asonge mbele. Akaomba nafasi katika shule nyingine, na Ijumaa moja, saa kumi ya mchana, kwao bado asubuhi, simu ikalia.

"Papa, balinikubali. Barua iko hapa, nakutumia picha."

Kwetu mtoto akifaulu, anamwagiwa poda. Kichwani, shingoni, mpaka anafanana na mtu aliyeanguka ndani ya gunia la unga. Sasa mtoto hayupo, ningemmwagia nani? Nilinunua makopo ya poda dukani kwa jirani, nikajimwagia mimi, nikammwagia mama yake, nikawamwagia mafundi wangu, na dereva mmoja aliyekuwa amekuja kujaza upepo tu, naye akatoka mweupe. Watu waliimba. Lori lilipiga honi bila kuambiwa. Jirani yetu, mwalimu aliyestaafu, alikuja kuangalia kuna nini, akapata fungu lake hadi kwenye miwani.

Katikati ya kelele hizo nikakumbuka wajibu wangu wa mzazi, nikampigia mtoto.

"Mama, sasa ufanye mambo kwa adabu. Enda ku ofisi ya shule ya zamani, leo leo. Uage. Wakutolee dosie yako, uende nayo kule kupya."

Lazima nieleze. Hapa Likasi mtoto hahami hivihivi. Unakwenda kwa mkuu wa shule, unamshukuru, anakupa dosie, yaani faili lenye matokeo yote, jina linafutwa daftarini. Bila ile dosie shule mpya haikufungulii mlango. Na mtoto akiondoka kimyakimya, karatasi zake zinalala kwenye droo ya mkuu hadi mzazi aje kujipendekeza. Nimehamisha watoto wanne, ninajua.

"Papa, si ningoje kwanza?" aliuliza.

"Ungoje nini? Weye ni mutoto wa nani?"

Akaenda. Nusu saa haikupita akapiga tena. "Wamenifuta, papa. Ilikuwa haraka sana." Nikawasifu mbele ya watu wote: kule wanajua kazi.

Yule mwalimu alikuwa anafuta miwani. Akaomba aione barua kwenye simu yangu. Akaisoma polepole, akairudia.

"Baba ya watoto," akasema, "hii ni shule ndiyo inasema karibu. Serikali yao haijasema kitu. Kile kibali mutoto iko nacho, kimeandikwa jina la shule gani?"

"Ya kwanza."

"Basi kinamuruhusu kukaa kule juu ya kusoma shule ile. Anaomba kingine chenye jina la shule mpya, na anakingojea akiwa bado mwanafunzi wa pale pa zamani. Sasa hivi iko shule gani?"

"Haiko shule yoyote," nikasema.

"Basi iko Kanada kama nani?"

Kuimba kukakatika. Mama yake alinitazama, uso mzima mweupe, macho tu ndiyo meusi. "Weye na mudomo yako," akasema. "Wakimurudisha, utaenda kumupokea weye peke yako."

Nikapiga simu. Alikuwa bado kituoni anangoja basi. "Rudi ofisini, mbio." Ijumaa ofisi ile ilikuwa inafungwa adhuhuri yao, na ikifungwa, Jumatatu angekuwa mtu asiye na shule, na mwenye kibali kisicho na maana. Alirudi, simu bado hewani, na mama wa ofisini akamwambia inaweza kurekebishwa leo tu, lakini aandike sababu ya kuondoka.

"Nitasema nini, papa? Nikisema nilibadili mawazo, wataona ninacheza."

Mwalimu akasema, iandikwe kweli. Na kweli ilikuwa na jina langu.

Mwalimu alitaka kuniandikia yeye, Kifaransa cha mistari mirefu. Nikamnyang'anya kalamu. Nikaandika kwa mkono wangu, Kiswahili, vidole vyote poda: "Mama wa ofisini, salamu. Mimi ndiye baba. Mtoto hana kosa. Kwetu mtoto anaaga kwanza ndipo anahama, nikadhani na kwenu ni vile. Nilikosea. Tafadhali umrudishe daftarini hadi kibali kipya kitoke. Ni mimi, fundi wa matairi namba moja wa Likasi."

"Toa hiyo namba moja," mwalimu akasema.

"Sitoi. Si umesema niandike kweli?"

Nikapiga picha, nikatuma, mtoto akaitafsiri chini yake. Kisha tukakaa. Mimi sijawahi kumwandikia mtu "nilikosea", hata mama yake, na sasa nilikuwa naomba neno hilo liende mbio. Dereva mweupe naye hakuondoka, alisema hawezi kuendesha bila kujua.

Jua lilikuwa bado juu ya paa tuliposikia sauti ya mtoto, anacheka, anahema. "Papa, mama wa ofisi alisoma, akacheka, akaandika jina langu tena. Niko mwanafunzi." Sikumbuki nani aliniinua, ila miguu haikuwa chini.

Kibali kipya kilitoka baada ya wiki nyingi, na jina la shule ya umeme. Ndipo akaaga kule kwa kwanza, kwa utaratibu wao. Sasa anasoma nyaya, anapenda, ananieleza, sielewi, ninakubali tu. Na aliniambia ile barua yangu wameitunza kule Kanada, kwenye dosie yake.

Mwalimu anapenda kunikumbusha mbele ya wateja kwamba ni barua ya kuomba msamaha. Mimi namuuliza: yako ya kuomba msamaha, mwalimu, ilifika wapi?