Mpishi wa Gavana

Wanafunzi walimwita Kumbe. Kila alipofika pahali patamu pa hadithi, mwalimu huyu wa historia alishusha sauti, akainama juu ya dawati la mbele na kusema, "Kumbe!" Watoto wakakaza macho wasipepese. Kitabu hakikuwa na uwezo huo. Kuanguka kwa ngome ya wakoloni, siku iliyozaa taifa, kilikupa nusu ukurasa: moto, tarehe, gavana akakimbia. Mchana, chini ya bati linalochoma, nusu ukurasa huo uliwalaza usingizi fofofo.

Basi Kumbe akaongeza chumvi. Akamweka mpishi jikoni kwa gavana, mama mwenye chongo aliyewafungulia wapiganaji mlango wa nyuma, akapigwa risasi mwiko ukiwa mkononi. Mwanzoni alikuwa muungwana, akimaliza husema, "Huyo mama nimemtunga mimi, msije mkamwandika." Lakini maneno hayo yaliharibu utamu wote. Akaanza kuyachelewesha, mwisho akayaacha kabisa. Tusimwonee sana, nani hapendi kusikilizwa? Ila mzaha mzaha hutumbua usaha.

Mtihani wa taifa wa mwaka ule uliuliza sababu za kuanguka kwa ngome. Darasa zima likamwandika mpishi: chongo, mlango, mwiko. Wasahihishaji hawakumwona mama huyo katika kitabu chochote, wakafikiri jambo moja tu, kwamba watoto wamepeana majibu. Matokeo yao yakafutwa, ya masomo yote.

Miongoni mwao alikuwemo mpwa wake Kumbe, binti wa dada yake aliyefariki akijifungua. Yeye na mkewe ndio waliomlea tangu kichanga. Binti alikuwa na nafasi yake chuo cha uuguzi, na bila cheti nafasi hiyo ingekwenda kwa mwingine.

Kumbe akafunga safari hadi ofisi ya elimu, akakiri. Ofisa hakumkaribisha kiti.

"Kwa hiyo hawakuibia," alisema ofisa. "Walifundishwa uongo."

"Ndiyo, mkuu. Kosa ni langu. Nifukuzeni mimi, watoto warudishieni matokeo yao."

"Wewe utafukuzwa, usiwe na haraka. Lakini matokeo yakishafutwa yamefutwa. Warudie mtihani mwakani."

Aliporudi nyumbani alimkuta binti uani akifua, mikono imejaa povu, uso umevimba kwa hasira. Mzazi mmoja alikuwa amepita hapo kumwaga matusi.

"Nimemtimua," alisema binti. "Eti umetufundisha mambo ya kubuni! Nimemwambia mjomba wangu hasemi uongo. Si ungewaonyesha tu hicho kitabu chenye habari za mpishi, mjomba, yaishe?"

Kumbe akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtu aliyezoea kuyapamba maneno, siku hiyo hakupata hata pambo moja.

"Hakuna kitabu, mwanangu. Nilimbuni mimi."

Binti hakulia wala hakupaza sauti. Aliikamua nguo aliyoishika, kisha akaikamua tena ingawa haikuwa na maji.

"Na hadithi za mama je?" aliuliza. "Alivyokuwa akiimba. Alivyonipakata kabla hajakata roho, akanipa jina. Hizo pia?"

Kumbe akainuka kwenye ndoo. Dada yake alikuwa akiimba, hilo kweli, tena vibaya. Lakini hakumpakata mtoto. Mtoto alipotoka, mama alikuwa amekwisha kwenda. Jina lilitolewa na mkunga, kwa kuwa lilihitajika la kuandika. Binti alipokuwa mdogo aliuliza limetoka wapi, na mjomba hakuwa na moyo wa kumwambia hivyo.

"Mjomba, nakuuliza."

"Aliimba," alisema Kumbe. "Hilo ni la kweli."

Binti akasimama pale pale, nguo mkononi, akisubiri hayo mengine.